Jina la Anselmo Chini ya Ukurasa wa Tsonka

Mjini Troyan, kando ya mashine ya kahawa iliyo mbele ya duka la mbegu, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa hoja. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Balozi, aliyejenga barabara Libya zamani na tangu hapo anajua siri za mataifa yote, Flashi, mpiga picha za harusi, na Rangel, dereva wa basi mstaafu, ambaye wenzake humwita Breki. Breki alikuwa amenuna. Mkewe Tsonka, mfinyanzi, alikuwa amefungua tovuti ya kuuzia mabakuli yake, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mwanamume. Pembeni ya jina, moyo mwekundu.

BALOZI: Hebu soma tena.

BREKI: "Umetengenezwa kwa," halafu huo moyo, halafu "na Anselmo."

BALOZI: Mwitaliano huyo! Na Tsonka si aliwahi kukaa kwao, Bergamo?

BREKI: Miaka miwili. Alikuwa anamtunza bibi kizee.

BALOZI: Na huyo bibi hakuwa na mtoto wa kiume?

Swali hilo Breki alikuwa amelala nalo, na asubuhi ameamka nalo.

FLASHI: Acheni ujinga nyie. Hicho ni kiolezo. Msanifu anachora ukurasa mzima, anauweka mtandaoni, anayetaka anachukua bure. Sharti ni moja tu, jina lake libaki pale chini. Ukilifuta bila ruhusa yake, wewe ni mwizi.

BREKI: Ndivyo alivyoniambia na Tsonka. Nikamwambia achague, jina hilo au mimi. Ikifika saa sita bado lipo, nahamia kwa mama, Lovech.

FLASHI: Akasemaje?

BREKI: Akasema, "Jina ni sharti, Rangel. Wewe si sharti. Soksi nene ziko droo ya chini."

Balozi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia suruali. Breki hakuona cha kuchekesha. Saa sita haikuwa mbali, na kwa mama yake kulikuwa na baridi.

BALOZI: Sikiliza, mdogo wangu. Bure ya wapi? Libya nilifanya kazi na Waitaliano, hata kiberiti hawakuazimi. Kila bakuli likiuzwa, ule moyo unawaka kule kwake.

FLASHI: Unawaka wapi?

BALOZI: Kwenye kompyuta yake, wapi tena? Ukiwaka vya kutosha, anakuja na gari. Chukua hatua leo hii, Breki! Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

FLASHI: Hiyo si inamwambia asubiri?

BALOZI: Inategemea nani ana haraka. Hapa mwenye haraka ni Anselmo.

FLASHI: Mnajua kinachoniuma mimi? Picha yangu ya monasteri iko kwenye kila sumaku ya friji mji huu. Jina langu mmeliona? Halafu huyu kachora visanduku vitatu na kitufe, kaandikwa, tena na moyo!

BALOZI: Kumbe na wewe una wivu!

FLASHI: Wangu wa haki. Breki anamwonea wivu mtu asiyemjua. Kuna fundi viatu Ureno ana tovuti kama hii hii. Anselmo yule yule, moyo ule ule.

BALOZI: (akishusha sauti) Basi hana hata ubaguzi.

BREKI: Mimi niseme ukweli? Mtu hajawahi kukanyaga hapa, kaandikwa kwenye kazi ya mke wangu. Nimeishi naye tangu nina nywele. Nimeupitia ukurasa wote, juu mpaka chini. Simo!

BALOZI: Dai nafasi yako, bwana! Chanda chema huvikwa pete, na pete si wewe uliyemvika?

Gari la vifurushi likasimama. Akashuka dereva mgeni, mtu mzima, mkono mmoja umeshika kiuno.

DEREVA: Habari za hapa, wazee. Kwa Tsonka mfinyanzi ni wapi?

BREKI: (kifua mbele) Nyumba ile, ng'ambo. Mimi ndiye mumewe. Una shida gani naye?

DEREVA: Afadhali! Leo nimepangiwa njia hii mara ya kwanza. Mwenzangu kaniambia kuna kreti la mabakuli kila Alhamisi, zito, la watu wawili, na ngazi nyembamba, mmoja lazima ashuke kinyumenyume. Wewe huwa unashika upande gani?

Flashi akachungulia kikombe chake. Balozi akaipangusa suruali yake; Breki kreti hilo hakuwahi kuligusa. Dereva alisubiri, akadhani hakusikika, akashukuru na kuvuka barabara.

Baada ya muda mlango wa juu ulifunguka. Tsonka ndiye aliyetangulia kushuka, kinyumenyume, akipapasa kila ngazi kwa kisigino, kidevu amekibana juu ya kreti.

"Polepole, mama," alisema dereva.

"Nimezoea," alijibu Tsonka, akacheka.

Breki alikisikia kicheko hicho mpaka benchini, kikamchoma. Anselmo alikuwa amekwisha kumtoka akilini. Mwanamume aliyemwonea wivu sasa ni yule dereva, kwa kuwa ndiye aliyeshika upande wa pili.