Jedwali Lililosomwa na Fundi Cherehani

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utafiti; Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi yetu; Mkurugenzi Mkuu; wakuu wa idara mlioketi mbele kwa sababu ya vyeo, na watafiti wenzangu mlioketi nyuma kwa sababu ya kuchelewa; ndugu wageni waalikwa kutoka hospitali za karibu na za mbali; wanangu; na wewe baba watoto, uliyevaa suti uliyoishona mwenyewe na ambayo tangu tufike hujaacha kuikagua mishono: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha.

Mshereheshaji amenitambulisha kwa jina kamili na vyeo vyangu vyote, nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo anayesifiwa. Humu ndani mnaniita Mama Nyoka, na hilo ndilo jina ninalostaafu nalo. Nimefanya kazi katika chumba cha mwisho cha korido ya chini, kile kilichopakana na sehemu ya kuoshea chupa za maabara, nikitafiti sumu ya nyoka na tiba ya walioumwa. Wafagiaji wetu, Mungu awabariki, walikuwa wanaishia mlango wa jirani.

Ndugu zangu, nimeombwa niseme machache kuhusu sera ya machapisho huria, ambayo Taasisi imeipitisha na Mheshimiwa Waziri ameizindua rasmi asubuhi hii. Tumesomewa vifungu vyake vyote, na nimewaona wawili watatu wakisinzia. Kwa faida yao nasema kwa ufupi: kila utafiti unaofanywa na Taasisi hii kwa fedha za wananchi, nakala yake itawekwa kwenye hazina yetu ya mtandaoni, na mtu yeyote ataisoma bila kulipa, bila kuomba na bila kumjua mtu. Ndiyo hiyo tu. Mbona basi imetuchukua miaka mingi kiasi hiki? Na kwa nini mwanamke mzima nilipigiwa simu kwamba imepita, nikaegemea ukuta wa korido na kushusha pumzi kama niliyetua gunia?

Naomba niwaeleze.

Nilipokuwa bado na meno yangu yote, mimi na wenzangu tulifanya utafiti katika wodi za hospitali zetu. Wagonjwa walikuwa wa kwetu, wauguzi waliokusanya takwimu walikuwa wa kwetu, na nyoka, naomba radhi, nao walikuwa wa kwetu. Tukapata majibu ya swali lililokuwa likiwasumbua matabibu kila msimu wa mvua: mgonjwa akifika na dalili hizi, aanze na dozi gani, aangaliwe vipi, na ni wakati gani dozi irudiwe. Yote hayo yaliingia kwenye jedwali moja, jedwali la pili la makala yetu. Makala ikachapishwa katika jarida kubwa la ng'ambo, kwa maana kamati ya kupandisha vyeo haikutambua jarida jingine lolote. Nikapandishwa cheo. Tukanywa soda.

Kisha jarida likafunga mlango. Tabibu wa wodi ileile tuliyofanyia utafiti, akitaka kuisoma, alikutana na ukurasa unaomdai namba ya kadi ya benki. Mkataba niliotia saini, kwa nilivyouelewa, ulinikataza kuisambaza makala kwa namna yoyote ile. Kumsomea mtu mmojammoja kwenye simu haukunikataza, nadhani kwa sababu aliyeuandika hakuwaza kwamba yuko mtu mwenye akili timamu atakayefanya kichekesho hicho.

Nikakifanya. Namba yangu ikapita kutoka tabibu mmoja hadi mwingine, na tangu hapo sikuwa na mlo uliotulia. Nimesoma jedwali la pili nikiwa kwenye foleni ya benki. Nimelisoma harusini, bibi harusi akiingia ukumbini, na shemeji yangu hajanisamehe mpaka leo. Binti yangu mkubwa alijifunza kuhesabu kwa kulisikia. Baba watoto aliita simu ile mume mwenza, tena akasema ni mume mwenza asiyejua zamu.

Mnacheka. Nami nilicheka, mpaka siku nilipofanyiwa upasuaji wa jicho.

Siku hiyo nililazwa, jicho moja limefungwa bandeji na jingine limekatazwa kazi. Simu nilimwachia mume wangu kwenye kibanda chake cha ushonaji. Hapo kibandani, ukutani juu ya cherehani, nilikuwa nimebandika nakala ya jedwali niliyoiandika kwa mkono, maana mara nyingi simu zilinikuta nimempelekea chakula cha mchana. Mchana huo alikuwa anatia zipu kwenye gauni la mteja. Simu ikalia.

"Naomba Mama Nyoka," ikasema sauti ya kijana, pumzi juu juu. "Nina mgonjwa hapa, mama anayenyonyesha, ameumwa akivuna. Fizi zinavuja damu."

"Hayupo. Yuko chumba cha upasuaji."

"Basi nisaidie wewe, daktari. Nahitaji jedwali."

"Mimi si daktari, mwanangu. Mimi fundi wa nguo."

Mume wangu anasema alisikia kwa mbali mtoto mchanga analia upande wa pili. Kisha yule kijana akasema, "Haya, fundi. Wewe nisomee tu. Polepole."

Ndugu wageni waalikwa, akasoma. Alisimama, akaweka rula yake ya mbao chini ya mstari ili macho yasiruke, akasoma maneno asiyoyajua, kila moja mara mbili, na kijana akayarudia. Walipomaliza akakata simu, akafunga kibanda, gauni la watu likabaki na zipu nusu, akaja hospitali nilikolazwa. Akakaa kwenye kiti cha wageni bila hata kuniuliza jicho linaendeleaje. Nikajua kuna jambo.

"Mke wangu," akaniambia, "mimi nikikosea kipimo, suruali inabana. Leo nikikosea mimi, watoto wa mtu wanabaki bila mama. Hii kazi siiwezi. Na wewe si wa milele. Siku ukiondoka, watampigia nani?"

Yule mama alipona. Nawaambia mapema ili mle chakula kwa amani. Lakini swali la mume wangu lilinikaa kifuani kama tonge lililogoma kushuka. Nilikuwa najiona shujaa kwa kupokea simu zile, kumbe nchi nzima ilikuwa imening'inia kwenye betri ya simu ya mwanamke mmoja. Nitastaafuje? Nitaumwaje? Nitasafiri kwenda kumwona mjukuu, mahali pasipo na mtandao, kwa moyo gani?

Nikapeleka shauri kwenye Bodi. Mheshimiwa Mwenyekiti, usiiname, nitasema ukweli kwa upole. Uliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Kwani shida iko wapi, mama? Si wanakupigia na unawajibu?" Nikakujibu kwamba mara ya mwisho hawakujibiwa na mimi, walijibiwa na fundi cherehani. Aliyedakia ni mwanasheria wetu, na swali lake lilikuwa la kisheria kwelikweli: "Alisoma mstari sahihi?"

Huyo mwanasheria msimcheke. Ndiye aliyeketi na mikataba yetu yote, ile tuliyotia saini kwa furaha ya kukubaliwa bila kuisoma vizuri, akagundua kwamba kurasa zilizopambwa na jarida ni mali ya jarida, lakini andiko letu wenyewe, kama lilivyokubaliwa kabla ya mapambo, tunaruhusiwa kuliweka hadharani mahali petu. Mlango ulikuwepo siku zote. Hatukuwahi kusukuma. Na Mkurugenzi Mkuu, ambaye wengi walimwonya kwamba tutaonekana taasisi rahisi inayogawa kazi zake bure, aliwajibu kwamba kazi hizo zimekwisha kulipiwa na walioumwa. Bosi, kwa sentensi hiyo nimekusamehe zile likizo zangu zote ulizozikata.

Kazi ikabaki kutafuta maandiko. Loo! Hapo ndipo nilipowajua wenzangu. Kila mtafiti alikuwa na faili liitwalo "ya mwisho", jingine "ya mwisho kabisa", na mmoja wenu, nisimtaje, alikuwa na "ya mwisho wallahi". Andiko la idara moja liliwekwa hadharani likiwa bado na maoni ya pembeni yasemayo kwamba mhakiki huyu wa jarida hajawahi kumwona nyoka maishani mwake. Mhakiki mwenyewe, tuliyedhani yuko bara jingine, ni mgeni wetu leo na ameketi safu ya tatu. Ndugu yangu, karibu. Baada ya hapa nitakutembeza kwenye banda la nyoka, uwaone.

Lakini hatimaye makala yetu iliwekwa, na jedwali la pili likawa la kila mtu. Mvua zikaanza. Nikachaji simu, kama kila mwaka, nikangoja.

Haikulia.

Mnafikiri nilifurahi? Nilipatwa na hofu ambayo sijawahi kuipata mbele ya nyoka yeyote. Nyoka hawajaokoka, hilo nalijua. Je, watu wanaumwa na hakuna anayeuliza? Wanakufa huko, nasi hapa tunapongezana? Mume wangu akaazima simu ya mteja akanipigia, kuona kama yangu ni nzima. Ikalia vizuri tu. Wiki zikapita, roho yangu i juu, hadi asubuhi moja nikiwa jikoni uvumilivu ukanishinda. Nikapiga hospitali ya mbali kuliko zote, ile iliyokuwa ikiniamsha zaidi ya nyingine. Akapokea binti, mwenye haraka zake.

"Habari za kazi, mwanangu. Samahani, msimu huu mmepata walioumwa na nyoka?"

"Wengi, mama. Kuliko mwaka jana."

Nikashika ukingo wa meza. "Na mnawatibuje?"

"Kwa jedwali, mama. Lipo wazi kwenye mtandao, kila mtu analo kwenye simu yake, na ukutani tumebandika. Wote wametoka, wanatembea." Kisha akasita. "Samahani, wewe nani? Ndugu wa mgonjwa?"

Hakunijua! Jina langu, sauti yangu, namba yangu, hakuna alichokijua, wala hakuwa na haja ya kujua. Nikamwambia mimi ni mtu tu, aendelee na kazi. Nikakata simu, nikaketi palepale sakafuni, nikalia kwa sauti mpaka baba watoto akaja mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Nani amekufa?" akaniuliza. "Sema, mke wangu! Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Hakuna. Hakuna hata mmoja."

Mheshimiwa Waziri, Mwenyekiti, wenzangu wapendwa: nawashukuru kwa kunipa kazi, na nawashukuru zaidi kwa kuniondolea. Asanteni kwa masikio yenu na uvumilivu wenu.