Miaka Arobaini na Tisa ya Tangawizi

Ndugu na majirani, mimi ni Maureen, binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome habari za mama yetu, Hilda Sugden, na mtanisamehe sauti ikipanda, kwani hata leo bado ananichosha.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa mjini Keighley, akasoma shule ya mtaani hadi miaka kumi na mitano, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha sufu, kuondoa mafundo kwenye vitambaa, na tarehe 11 Juni 1960 akafunga ndoa na baba yetu, Clifford, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Keith.

Kila Jumamosi Mama alioka pakini, keki ya oti, molasi na tangawizi tele, akaifungia koponi wiki nzima ilainike, na ole wako uiguse kabla, naye Baba alikula vipande viwili kila alasiri kwa chai, kimya.

Oktoba 2009 Baba alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu, muuguzi akamuuliza asichokula ni nini, akajibu, "Tangawizi, mwanangu, siipendi tangu utotoni," na Mama alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake.

"Miaka arobaini na tisa, Cliff! Mdomo ulikuwa wa nini?"

"Ulikuwa ukioka unaimba, Hilda, ningesemaje?"

"Mjinga we!"

Siku tatu hakumsemesha, salamu zao tukazibeba mimi na Keith, siku ya nne, akiwa na miaka sabini na moja, akaanza kujifunza kuoka vipande vya oti, siagi na sukari, visivyo na tangawizi, akaunguza masinia matano akinilaumu mimi na jiko, na la sita Baba alilila, akaomba kuongezewa, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Baba alifariki tarehe 20 Februari 2010, na tangu hapo Mama hakuoka pakini tena, aliyoipenda kuliko chakula chochote, bali kila Jumapili alitafuna vile vipande vya Baba, akilalamika vinanata menoni, nasi tukimsihi aache anatufukuza jikoni.

Tarehe 2 Mei 2019 alipatwa na kiharusi, akatutoka tarehe 9, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maagizo yake, majirani, na wenzake wa kiwandani waliosalia.

Mama, ulituchosha, na tungekubali kuchoshwa tena. Pumzika kwa amani.