Kitenge ya Kiuno Yangu

Bandugu ba shirika, niko nasimama. Naona mama moja pale mbele anasogeza kiti, anataka nipumuzike. Mama, asante, wacha kiti. Nitazungumuza wima, na mwisho mutajua sababu.

Mukubwa wa shirika aliniomba nishuhudie namna nilitoka mu matata ya mugongo. Nikamuambia mie sikusoma. Nilionja masomo kidogo kwa bamasista, kisha baba akasema musichana anajua kuhesabu, inatosha. Akaniambia niseme vile nasemaka mu soko. Basi munivumilie. Majina ya bantu sitataja. Kama unajijua, nyamaza, cheka mu roho.

Bengi banajua kama nauza bunga mu soko ya Kampemba. Bwana yangu alikufa nikiwa bado kijana, akaniachia batoto na kitanda. Sikuenda kulia kwa bandugu. Nilipanda kamyo, lori ya mizigo, paka Lukafu, nikanunua mahindi, nikapakiza, nikashusha, mie mwenyewe. Bale banaume banabebaka saki mu soko kwa kulipwa balinipa jina, Mama Kamyo. Balikuwa bananiuliza lini nitabaachia kazi, bibi zao balale na kushiba. Nyumba yangu ya matofali, mugongo hii njo iliijenga. Sisemi kwa kujisifu. Ao wacha, nasema kwa kujisifu, ni haki yangu.

Mwaka moja, wakati wa mvua, kamyo yetu ikazama mu matope njia ya Lukafu. Ikabidi kushusha saki zote. Nikainama kukamata ya kwangu, nikasikia kitu mu kiuno sawa kamba inakatika. Sikuanguka. Nilibakia vile, nimeinama, nashindwa kupanda, nashindwa kushuka. Sofere akafikiri natafuta kitu chini. Akaniuliza: «Mama Kamyo, umepoteza nini?»

Nilipoteza mwaka mzima, bandugu.

Hospitalini balinipiga picha, bakasema hakuna mufupa yenye kuvunjika, bakanipa dawa, bakasema nipumuzike siku kidogo. Siku kidogo zile, mie nikazifanya miezi. Juu kila jirani aliingia na shauri yake. Moja alisema nilale ku mbao. Moja alisema nisiiname hata kuokota kijiko. Mwingine akasema mugongo ikishapasuka iko sawa na chungu, unaifunga, hauitikise. Ile ya chungu njo iliingia mu kichwa yangu. Nikakamata kitenge yangu ya nguvu, na kila asubui musichana yangu alikuwa ananifunga nayo kiuno, muguu yake ku kitanda, anavuta sawa muntu anafunga muzigo ya makala ku velo, baiskeli. Bila ile kitenge sikushuka kitandani. Na nikiwa nayo, sikupumua muzuri.

Nililala, na kadiri nalala, ndivyo inauma. Miguu ikawa sawa ya kuku mugonjwa.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Bwana ya ule musichana, mukwe yangu, anafanya kazi chini, kule banachimbaka shaba. Akaanza kunitumia bunga ya posho yake. Mie muuza bunga, nakula bunga ya posho ya mukwe! Kila mara saki ile ilipoingia mu nyumba, niligeuka ku ukuta. Kisha mukubwa wa soko akanitumia habari kama bengi banaomba nafasi, na meza yangu ikibakia tupu paka baridi inaanza, atampa mwingine. Mutu wa soko bila meza ni nani? Nikaona maisha yangu yote itaishia ku mukono ya ule kijana.

Rafiki yangu wa mutaa wa Makomeno njo alinivuta. Alisikia kama mu hospitali moja iko mama munganga anafundisha bantu ba mugongo kila juma. Nikamuuliza anapana dawa gani. Akasema hapane dawa, anafundisha. Nikasema mie nataka kupona, masomo nilikimbia zamani. Akanichukua kwa nguvu, ye upande huu, kijana wake upande ule.

Ule mama munganga alikuwa kijana sana, ningeweza kumuzaa. Alitupangisha ku mikeka, bamama na bababa, akasema hivi: «Mugongo yako iko sawa na nyumba yenye imbwa. Siku moja mwizi aliingia kweli, imbwa akalia, alifanya kazi yake. Mwizi alienda zamani. Lakini imbwa aliogopa, sasa analia hata kwa upepo, hata kwa mutoto wa jirani. We unasikia kelele, unafunga mulango, hautoke tena. Kelele ni ya kweli. Mwizi njo hayuko.»

Nikamuuliza tunajua namna gani kama mwizi hakurudia. Akasema swali ni muzuri. Muguu ikikufa ganzi na kukosa nguvu, mukojo ikikushinda, homa ikikukamata pamoja na mugongo, pale usikuje ku mukeka, kimbia kwa dokta siku ile ile. Muyashike haya, bandugu, si muchezo. Lakini mie sikuwa na ile yote, alinipima muzuri. Kisha akaangalia kiuno yangu, akasema tufungue kitenge. Nikamuangalia sawa vile amesema nivue ngozi. Nikakataa.

Pale pale mulango ikafunguka. Muntu akaingia, anashika ukuta, anatembea sawa muzee. Mukwe yangu.

Sikujua hata kama anaugua. Musichana yangu alinificha, juu nisikatae bunga. Na munajua bukwe yetu. Mama na mukwe habaangaliane mu macho, habapitane mu njia nyembamba. Na hapa tuko ku mikeka, banataka tulale kichalichali, tuinue magoti, tuzungushe kiuno! Nawaambia, sikujua nilisimama namna gani. Nilijikuta inje ku baraza. Na ye alikimbilia upande mwingine wa nyumba, naye bila kushika ukuta.

Mama munganga akanifuata. Hakukasirika. Aliniuliza paka kitu kimoja: «Mama, nani alikuinua?»

Nikaangalia nyuma yangu. Rafiki yangu alikuwa bado ndani ku mukeka, kijana wake alienda zamani. Hakuna mutu aliniinua. Mama munganga akasema: «Sisemi unadanganya. Inakuuma kweli. Nasema tu mugongo yako haiko chungu.»

Hata vile nikamuambia siingie, hata kama ninakufa. Akaomba bakubwa ba hospitali bamupe ile chumba siku ingine ya bababa, hakuna. Akaomba mashuka, yote ilikuwa mu maji. Akapata paka kitenge ya chama, ile yenye kichwa ya mukubwa wa inchi, akaanza kuifunga ku kamba katikati ya chumba, mie naangalia toka mulango. Mama moja ku mukeka akasema pole pole kama ye hawezi kuinua miguu mbele ya mukubwa wa inchi, na mutu wa serikali wa quartier asisikie. Tukacheka paka nikashika mbavu. Mama munganga akaikunja, haraka.

Nikafikiri. Nikirudi nyumbani, meza yangu inaenda. Na ule kijana, mie nikiwa hapa, hataingia hata siku moja. Kazi yake inaenda, na batoto ba musichana yangu banakula nini? Hakukuwa nguo ingine mu ile chumba yenye urefu ya kutosha, paka moja.

Nikaanza kufungua. Niliamini, bandugu, nikimaliza nitakatika mbili. Nikazungusha, nikazungusha, nikatoa, nikampa. Akaifunga ku kamba. Nikangojea kuanguka. Nikangojea. Kiuno ilikuwa pale, ya zamani, yenye jasho.

Bababa bakahamia upande ule, mukwe yangu akaitwa, sie tukalala. Magoti juu, mugongo ku mukeka, pumua. Inauma! Nikasikia ngambo ya kitenge muntu anaguna, nikajua sauti. Kisha akasema, lakini si kwangu, bukwe haikubali: «Mama munganga, muulize mama wa kule kama inamuuma.»

Nikajibu kwa njia ile ile: «Muambie inaniuma. Muambie nainua vile vile.»

Nikasikia mukeka yake inalia, naye anainua.

Msifikiri nilitoka pale nakimbia. Nilianza kutembea paka ku kona ya avenue yetu, kisha paka ku bomba, kisha zaidi kidogo. Nikajifunza kuinama na magoti, na kuinama pia na mugongo, bila kuogopa. Na nikakosea, juu mie ni mie. Siku moja niliamuka muzuri, ikawa Salongo, siku ya kazi ya mutaa, nikashika mpauro, ile sepetu, kusafisha mufereji tangu asubui, juu bantu ba soko banione. Nikarudia ku kitanda siku mingi. Nikamuambia mama munganga imbwa amerudia. Akasema siku ya muzuri njo inakuangusha. Pima kazi hata kama nguvu iko, na siku ya mubaya fanya kidogo, lakini fanya.

Baridi ilianza nikiwa ku meza yangu. Nagawa bunga mu bifuko bidogo, na saki kubwa nabaachia banaume ba soko. Balinicheka, bakasema Mama Kamyo amekuwa velo. Nikabaambia velo inafika.

Sikupona sawa vile munafikiri. Inauma hata leo. Asubui mie na maumivu tunasalimiana, kisha kila moja anaenda ku kazi yake. Lakini saki ya posho haiingie tena mu nyumba yangu. Bunga inatoka kwangu, inaenda kwa batoto ba musichana yangu.

Namushukuru Mungu. Namushukuru ule mama munganga, na rafiki wa Makomeno alinivuta na nguvu, na musichana yangu, hata kwa kunificha. Ile kitenge sikuirudisha. Iko ku kamba mu ile chumba, bengine banalala upande na upande. Na iko muntu moja nyuma ya nguzo kule, anaangalia dirisha, vile inafaa. Anashuka tena chini ku kazi yake. Muambieni mama anamushukuru. Muambieni pia aache kuegemea nguzo.

Mwenye kuumwa mugongo hapa, nakuambia hivi: nenda bakupime kwanza, kisha usiifunge, usiilaze. Itembeze, kidogo kidogo, hata inalia.

Nimesema murefu, na mumeikala murefu. Simameni sasa, pole pole, munyooshe kiuno. Mama wa kiti, we wa kwanza.