Historia ya Ariane Nyembo, Aliyekwenda Kinkondja Mara Tatu

Baba mchungaji, bandugu ba Kabondo-Dianda na ba Kamina, bamama ba kanisa, bantu ba biro, na majirani bote munaikaa chini ya hii hema tangu siku ine, minyi ni Phébé Mwila, mama ya Philémon, ni kusema mama-mukwe wa marehemu, na jamaa walinipa hii karatasi nisome juu sauti ya Philémon haitoke, na juu, walisema, minyi njo naijua habari ya kila muntu, ile sikukatala. Baba mchungaji amenipa dakika kumi, na sanduku litatoka saa nane, basi iko neno moja lazima liingie mu masikio yenu mbele ya ile saa, ni neno la Kinkondja, juu bamama ba kanisa bamekuja leo na nguo ya kila siku, hawakuvaa nyeupe, banasema hawataimba kwa mwanamuke aliyeondolewa mu uimbaji, na minyi najua alivyoondolewa.

Marehemu Ariane Nyembo alizaliwa tarehe 12 Aprili 1976 ku Kabondo-Dianda, mutoto wa tatu kati ya batoto saba, baba yake alikuwa mulimaji wa muhogo na karanga, mama yake alikuwa fundi wa kushona. Masomo ya musingi alisoma palepale Kabondo tangu 1982 mpaka 1988, kisha wakamuleta hapa Kamina kwa shangazi yake, akasoma biashara na kupiga mashini, na mwaka 1995 alipata Diplôme d'État, jamaa waliandika vile tu, lakini minyi nasoma yote, aliipata mara ya pili, mara ya kwanza alianguka, pamoja na bantu fulani bananiangalia hapa kama hawakumbuke.

Tarehe 3 Februari 1997 aliingia kazi ku biro, ile ofisi ya masomo ya kanisa, hapa mujini, kama dactylo, na alipiga barua za bakubwa miaka kumi na ine. Tarehe 24 Julai 1999 alifunga ndoa kanisani na mwana wangu Philémon Kitwa, mwalimu, nami sitaficha kama nilikuwa nimemuchagulia binti mwengine, mwembamba, wa sauti ndogo, naye iko hapa leo, sitamutaja, mwembamba haiko tena na sauti haiko ndogo tena. Mungu aliwapa batoto wawili, Éliane, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 2001, na Précieux, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2004.

Mwaka 2011 biro ilipata mashini kubwa tatu za kutunza dosye za batoto ba masomo, moja hapa Kamina, moja Bukama, moja Kinkondja kule ku ziwa, wakamutuma marehemu Lubumbashi miezi mitatu kujifunza, tangu tarehe 5 Septemba mpaka tarehe 2 Desemba, na aliporudi njo yeye akazichunga. Alinieleza siku moja akichambua matembele, kama zile mashini ni sawa kabati tatu mu miji tatu, zinapaswa kuwa na rafu moja na karatasi moja, kile unaweka mu kabati ya Kamina, rezo, ule mutandao, ikipita, kinaonekana Bukama na Kinkondja, kile unaondoa kule kinatoka popote, na kabati mbili zikikosana, mashini inaamini tu ile karatasi yenye tarehe ya karibu zaidi, haiulize nani anasema kweli.

Siku ya Kazi Moja, ni kusema Jumatatu, tarehe 18 Novemba 2019, biro ya Kamina ilifungua rafu za batoto wa mwaka wa mwisho, ikakuta karatasi za zamani zimekalia mpya, rafu zingine ziko wazi, na kesho yake zingine zikapotea tena. Baba Monga, aliyekuwa mukubwa wa biro, akasema kwa nguvu mu koridoo kama mama dactylo amefuta masomo ya bantu, akamupa amri afute kabati yote ya Kinkondja na kuijaza upya kwa ile ya Kamina, kazi ya asubuhi moja. Marehemu alikatala, juu dosye za batoto makumi sita na tatu wa Kinkondja, batakaofanya Examen d'État, ule mutihani wa mwisho, zilikuwa mu ile kabati peke yake, rezo haikuwa imezipitisha bado, na madaftari yao ya karatasi yalikuwa yameloana maji ya ziwa yalipopanda, ukifuta kule, bale batoto bote bapoteze mwaka, na orodha ilikuwa inafungwa tarehe 20 Desemba. Baba Monga akamwambia basi hii maneno iko juu ya kichwa chako, naye akajibu kama ilikuwa juu ya kichwa chake tangu zamani, yeye baba Monga alikuwa anavaa kofia tu. Ninyi ba biro munacheka sasa, ile siku hakuna aliyecheka.

Alikwenda Kinkondja mara tatu, tarehe 21 Novemba, tarehe 2 Desemba na tarehe 11 Desemba, treni mpaka Bukama, kisha mutumbwi, disiki yake mu sufuria, katikati ya unga wa bukari, maji isiiguse. Safari ya kwanza aliona ubaya unatoka wapi, ile batri ndogo ndani ya mashini ilikuwa imekufa, kila mara umeme wa jua ukikatika mashini inasahau siku, na baba Mulongo, mulinzi wa biro ya kule, muntu wa kuogopa Mungu, alikuwa anairudishia tarehe kwa kuangalia kalendari ku ukuta, na kalendari yenyewe ilikuwa ya 2020, kanisa ilikuwa imeigawa mbele ya wakati. Basi mashini ya Kinkondja iliishi mwaka mzima mbele yetu, kila karatasi nzee iliyoigusa ikawa mpya kupita zote, ikashinda Kamina, ikashinda Bukama.

Marehemu alifunga kwanza njia ya rezo ya ile mashini, kisha akakamata rafu moja moja, baba Mulongo anasoma jina ku mashini, yeye anatafuta mu orodha ya Kamina kwa kidole, na hakufuta kintu mbele ya kukiona kwa macho yake pahali pawili. Karatasi zilizoshindwa hazikuwa zimetupwa, mashini inaziweka mu dosye moja ya kujificha, lakini ile dosye ikijaa inaanza kutupa za zamani, njo maana alikimbia, akazitoa zote, akaziweka ku disiki yake. Safari ya pili alipeleka batri mpya, akairudishia mashini tarehe ya kweli, safari ya tatu alifungua njia tena, akaipa mashini ya Kinkondja amri isikilize wenzake kwanza mbele ya kusema, na tarehe 17 Desemba majina makumi sita na tatu yalikuwa yameingia, hakuna hata moja lililokosa.

Sasa neno langu. Kila safari alirudi na samaki wa kukaushwa, wazuri, wamepasuliwa vizuri, na nikimuuliza ulikuwa unafanya nini kule anajibu kazi, na minyi niliangalia bale samaki, nikaona hawako samaki wa kumupa karani. Nilimwambia jirani moja tu, kama kule iko mwanaume. Nyuma yake nikamwambia mwengine, juu wa kwanza alikuwa ameelewa vibaya, na mbele ya Noeli mwanaume wa Kinkondja alikuwa amekuwa mujane murefu, mwenye mutumbwi wa motere. Baba Mulongo, simama bakuone. Munamuona, ni mufupi, na muke wake njo alikausha bale samaki, ni ule anaikaa pembeni yake. Lakini mu Januari 2020 bamama walimuondoa Ariane ku kuongoza nyimbo, wakamukalisha ku benchi ya nyuma, na mwana wangu alilala kwangu juma mbili, naye Ariane hakujibu kintu.

Hakujibu juu baba Monga alikuwa anatafuta muntu wa kufukuza, na akijibu, jina la Mulongo lingetoka, lingefika mezani palepale, akose kazi, yeye na batoto wake munane. Mu raporo aliandika kama batri ilikufa, ile ilikuwa kweli, kuhusu kalendari hakuandika.

Tangu Agosti 2023 marehemu aligonjwa mafigo, alilazwa hapa Kamina, mu Februari 2024 wakamupeleka Lubumbashi, akarudi na nguvu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi naye. Mu Mei ya huu mwaka, ku kitanda, nilimuuliza tena alikuwa anafanya nini Kinkondja, akaniangalia, akasema, mama, nikikuambia weye, itafika Kinkondja mbele ya rezo, akageukia ukuta akalala, nami nilicheka mpaka ku mulango wa hospitali, pale nikaacha. Alituacha siku ya Kazi Tatu, tarehe 4 Juni 2025, saa tano ya asubuhi, akiwa na miaka makumi ine na tisa.

Kesho yake baba Mulongo alifika na mutumbwi na treni, akasimama hapa mbele ya bantu bote ba biro, akaeleza kalendari na samaki na yote, akasema kama banataka kumufukuza bamufukuze, kumebaki siku makumi mbili na tano apate pansheni. Baba Monga aliangalia viatu vyake, viatu vizuri.

Tangu ile saa minyi natembea. Nimepita nyumba moja moja, vile nilipita ile mwaka, kwa mufuatano uleule, nyumba kumi na moja, mu kila moja nimesema lile neno nililoacha hapa lilikuwa bongo, ni kusema uwongo, nirudishie, nakwenda nalo. Mbili zimebaki, ya mama Nkulu, jirani wa mwisho, na ya mama mukubwa wa bamama ba kanisa, na bote wawili bananisikia sasa. Saa nane haijafika, na nguo nyeupe haziko mbali na hapa.

Jamaa inashukuru baganga na bauguzi ba hapa na ba Lubumbashi, majirani walioteka maji na kupika bukari, bantu ba biro, baba Mulongo na muke wake, na ninyi bote.

Ariane, mukwe wangu, kazi yako tumeiona, pumzika kwa amani.