Epifania na Magunia ya Udongo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Epifania Niyonzima, mama wa kitalu cha miche, Kibondo. Alituaga Jumanne. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Kahawa aliijua tangu utotoni. Mibuni ilipochanua, ikajaa maua meupe na nyuki wakavuma, alimwita mumewe, Reverien. "Njoo unuse, mzee!" Reverien anasema alikuwa akimjibu, "Nikinusa sana nitalima saa ngapi?" Lakini alikwenda, akanusa.

Miaka minane iliyopita, kikundi chake cha akina mama kiliiahidi shule ya kata miche elfu tatu ya mipaina, yaani misonobari. Mpaina hautoi ua. Mbegu yake hukaa wazi kati ya magamba makavu, upepo ukaibeba. "Mti gani huu usiochanua?" Epifania aliguna. Akauotesha vilevile kama kahawa: udongo uleule, samadi ileile.

Baada ya miezi mitatu miche yote ikawa ya manjano. Wenzake wakataka kuitupa. Epifania akakataa. Alilia, wasikilizaji, lakini alikataa.

Akachukua mche mmoja, akapanda basi hadi Kasulu, kisha bodaboda hadi Kabanga, kwa mzee Leonidasi, mpanda miti wa siku nyingi. Mzee akautazama ule mche.

"Udongo uliuchota wapi?"

"Migombani kwangu."

"Basi mipaina yako ina njaa, mama. Kahawa hushiba hapo. Mpaina unataka ukungu mweupe unaoishi mizizini mwa mipaina mikubwa na kuilisha."

Epifania akachota magunia mawili ya udongo chini ya mipaina ya mzee. Kwenye basi kondakta akamshangaa: "Mama, Kibondo hakuna udongo?"

"Upo, mwanangu. Ila si huu."

Alipofika akauchanganya na udongo wa miche yake. Miezi miwili baadaye kitalu kilikuwa kijani. Miche elfu mbili na mia saba ilipona. Shule ikapata miti yake.

Binti yake, Consolée, anasimulia kwamba mwezi uliopita mama, akiwa hawezi tena kutembea, aliomba abebwe kwa kiti hadi kitaluni. "Akaniambia, changanya udongo nione. Nilikosea mara mbili. Ya tatu akasema, 'Ego, ndiyo, ndivyo hivyo. Sasa kanipikie uji.'"

Mzee Reverien, Consolée, wajukuu, akina mama wa kikundi: poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize: tulichojifunza kwa machozi, tumemwonyesha nani?