Meza za Trapezi za Mama Émérence

Jumamosi, tarehe 29 Juni 1996. Asubuhi ya baridi, jua kavu, upepo wa vumbi. Leo Mama Émérence Kazadi, mwalimu wetu wa Kiingereza, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja.

Alianza kufundisha hapa Septemba 1965, akija kwa baiskeli kutoka mtaa wa Kikula. Desturi yake haikubadilika: kila Jumatatu aliandika neno moja ubaoni, akaeleza lilikotoka. Wavivu walimwuliza swali baada ya swali juu ya neno hilo ili saa ya sarufi iishe. Alijua, akawaacha.

Oktoba 1991 waporaji walibeba meza zote za shule. Machi iliyofuata mkaguzi akatupa wiki tatu: bila meza, darasa la sita la sekondari halitafanya mtihani wa Serikali hapa. Wengi hawakuwa na njia ya kwenda kuufanya mahali pengine. Mwaka wao ungepotea.

Jumatatu, tarehe 16, neno lilikuwa trapezium, na kando yake Mama alichora umbo la pande nne, mbili zikiwa sambamba, moja fupi kuliko nyingine. Mama alieleza kwamba Waingereza walilipata kwa Kilatini, nacho Kilatini kwa Kigiriki, ambako maana yake ni meza ndogo, kitu cha miguu minne. Sephora wa darasa la sita, aliyekaa juu ya tofali, akasema: "Mama, Bagreki balikuwa na meza. Na siye?"

Darasa likacheka. Mama hakucheka. Aliutazama mchoro ubaoni, akachukua chaki, akatoka kwenda karakana ya shule.

Nyuma ya karakana kulikuwa na mbao za masanduku ya mashine, fupi, ncha zimekatwa mshazari. Mwalimu Barnabé wa hesabu aliziona kuni tu. Mama akampa chaki apime: zikipangwa kuanzia fupi hadi ndefu, zinatoa trapezi bila kupoteza kipande. Barnabé akamtania, tangu lini Kiingereza kinafundisha useremala, lakini akapima. Wanafunzi walinyoosha misumari iliyopinda kwa mawe. Meza ya kwanza ilianguka, miguu ya upande mfupi ilikuwa imekaribiana mno. Ya pili ilisimama.

Mkaguzi aliporudi alikuta meza ishirini na mbili. Alivuta moja, akaegemeza viwiko vyote viwili, akaitikisa, kisha akaandika ruhusa juu yake. Wanafunzi arobaini na mmoja walifanya mtihani hapa, thelathini wakafaulu. Sephora ni mmoja wao, na Septemba yeye ndiye atakayeshika chaki ya Mama.

Asante, Mama Émérence. Tunajivunia kwamba tulifanya kazi na wewe. Uwe na afya, usingizi mtamu, na wajukuu wengi mlangoni.

Clotilde Kabongo, katibu wa shule