Maren Vuksic na Chungu cha Kumi na Saba

Dkt. Maren Vuksic alizaliwa tarehe 9 Machi 1977 mjini Cessnock, New South Wales, mtoto wa kwanza wa Brendan na Joan Halloran. Alisoma hapohapo hadi kidato cha mwisho, kisha akaenda chuo kikuu Newcastle, alikopata shahada ya uzamivu ya kemia mwaka 2004.

Kazi yake ilikuwa kuunda polima, plastiki ambazo zikipakwa kama wino juu ya utepe hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Baba yetu, aliyechimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, aliwaambia wenzake kwamba amemsomesha binti ili aje amfukuze kazi. Maren alimjibu, "Usihofu, baba. Kwa mwendo wangu huu utastaafu kwanza." Na kweli alistaafu kwanza.

Alifunga ndoa na Anton Vuksic huko Merewether, tarehe 7 Februari 2009. Binti yao, Orla, alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 2013. Siku moja kabla, Maren alikuwa amebandika motoni chungu cha kumi na saba. Chupa zake za maabara aliziita vyungu. Uchungu wa kuzaa ulimkuta hapo. Polima ile ilitoka buluu iliyokolea, ikazalisha umeme mwingi kuliko zote. Lakini kila alipoirudia, ilitoka hafifu. Watafiti wenzake wa mbali nao walishindwa, na wapo waliosema alitunga zile namba. Maneno hayo aliishi nayo miaka kumi na moja.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi uliopita, Julai 2024, Anton alikuwa akimsomea daftari lake la zamani kitandani.

"Hapa umeandika saa ishirini na nne," alisema. "Ijumaa ulikuwa leba, unanitukana. Nani alikiepua chungu?"

Maren alilivuta daftari karibu. "Mimi huandika saa kabla sijaanza," akasema. "Wikiendi hakuna mtu pale. Kiliepuliwa Jumatatu."

Kumbe minyororo ya polima ilihitaji siku nne ili irefuke.

Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, mwanafunzi wake, Tevita Fonua, alibandika chungu kipya. Kila asubuhi Maren aliuliza habari za chungu hicho. Alitutoka Alhamisi, tarehe 8, saa kumi jioni. Chungu kiliepuliwa Jumamosi. Rangi ni ileile, na namba ni zilezile. Kipande cha utepe uliopakwa polima hiyo kimebandikwa dirishani pale, kinazungusha kifeni cha Orla.

Ameacha mume, Anton; binti, Orla; wazazi wetu; na mimi mdogo wake, Bridie.

Apumzike sasa kwa amani. Chungu tumekiepua sisi, na saa tumeziandika baadaye.